Salamu Nne Kabla ya Buti

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na mbuzi jike mweusi, mmoja tu mwenye tabia hiyo katika kundi zima, aliyekuwa anakula nyumba. Sisemi paa. Majani ya paa mbuzi yeyote atakula ukimwacha. Huyu alikuwa analamba ukuta. Tulikuwa tunakaa Samuye, na kila mwaka mavuno yakishaingia ndani bibi alikanda udongo mwekundu na mavi ya ng'ombe, akasiriba ukuta wa mbele, halafu akachukua udongo mweupe wa kule bondeni, ule wenye chumvichumvi, akachora kwa vidole. Mistari, nukta, na vitu fulani kama samaki ambavyo yeye alisema ni mashamba. Wiki mbili haziishi, mbuzi ameshalamba mashamba yote mpaka pale shingo yake inapofika. Bibi anachora upya. Hakumpiga yule mbuzi hata siku moja, wala hakumchinja, alikufa kwa uzee wake mwenyewe. Na ukuta wa nyuma ulikuwa na nyufa za kuingiza mkono, bibi hakuugusa. Nilimuuliza siku moja, nikiwa na miaka saba hivi, mbona nyuma hasiribi. Akasema, "Nyuma napajua mimi. Mbele ndipo pa watu."

Sijui kwa nini nimeanza na mbuzi. Nilikaa niandike habari za Mwalimu na ile kompyuta ya dukani, mkono ukaenda Samuye wenyewe. Acha ikae, nikifuta nitasahau na hayo mengine.

Shule nilifika darasa la nne. Wengine husema shule iliwashinda, mimi nasema tulichokana mapema tu, bila ugomvi. Herufi nilizijulia kwenye marobota ya pamba. Kwenye ghala la ushirika alikuwepo mzee mmoja mwenye bati lililotobolewa herufi, analiweka juu ya robota, anapitisha brashi yenye wino mweusi, anaondoa, na pale pameandikwa. Nilimtazama kutwa nzima. Nikarudi nyumbani nikachukua kipande cha bati, nikakitoboa kwa msumari, nikamwandika ng'ombe wa baba ubavuni kwa majivu yaliyochanganywa na maziwa. Baba alimtazama yule ng'ombe kwa muda mrefu. Akasema, "Ng'ombe wangu si gazeti." Nilichapwa, lakini herufi zilikuwa zimenyooka, na yeye mwenyewe alikubali.

Hivyo ndivyo nilivyokuja kuwa fundi wa mabango Shinyanga mjini. Kinyozi, hoteli, duka la dawa, mashine ya kusaga, kanisa moja na msikiti mmoja, wote niliwaandikia. Kazi ya bango ina siri moja tu, na kwa kuwa sasa mikono yangu inatetemeka nitaitoa bure. Unachukua uzi, unaupaka chaki, unauvuta juu ya ubao, mtu mwingine anashika ncha ya pili, unaubana kwa vidole na kuuachia. Pa! Mstari umelala. Unapiga mistari ya kulala na ya kusimama mpaka ubao unakuwa vyumba vyumba. Kila herufi inakaa chumbani kwake. Rangi ikikauka, unafuta chaki kwa kitambaa, na anayepita njiani hajui kama palikuwa na vyumba. Anaona maandishi yamekaa vizuri, basi.

Mteja wangu mkubwa alikuwa mzee mwenye duka la vifaa, Mhindi, ambaye sote tulimwita Bosi. Babu yake ndiye aliyetoka India. Yeye alizaliwa Shinyanga na Kisukuma chake kilikuwa kizuri kuliko cha makarani wa serikali, na alikitumia hasa wakati wa kupunguziwa bei. Duka lake lilikuwa na sururu, makarai, koleo, kamba, tochi za kufunga kichwani, mabuti ya mpira, vitu vyote wanavyohitaji wachimbaji wa dhahabu wa kule Geita na Bulyanhulu. Na duka lile lilikuwa na sheria yake. Hakuna aliyeambiwa bei kabla hajashika kikombe cha chai. Mke wa Bosi, tuliyemwita Mama wa dukani, alikuwa na birika lisilopoa, chai ya maziwa yenye tangawizi. Mchimbaji ametoka porini ana vumbi mpaka kwenye kope, anataka kamba tu aondoke, anaambiwa, "Kaa kwanza. Habari za huko? Mvua?" Anakaa. Niliwahi kumwona mmoja akisinzia na kikombe mkononi, na kamba akanunua.

Sasa, miaka ile ya tisini ikielekea mwishoni, migodi mikubwa ilianza kuchangamka, na mafundi na wanunuzi wa makambi wakawa wanapita mjini wakitafuta maduka ya kuwaletea vifaa. Siku moja alikuja mnunuzi wa kambi moja ya upande wa Geita. Mtu wa Dar es Salaam, mkono una saa kubwa, mguuni buti la njano. Alikunywa chai yake, akakagua mabuti, akaridhika. Kisha akamuuliza Bosi, "Mna ukurasa kwenye intaneti?"

Bosi akajibu haraka, "Tunao."

Baadaye alituungamia kwamba alidhani ni aina ya leseni. Leseni alikuwa nazo zote, ukutani, zimewekwa fremu, kwa hiyo aliona hakuna namna iwe imekosekana hiyo moja.

"Vizuri," yule mnunuzi akasema. "Nitapita tena baada ya mwezi, niuone. Wenzangu ofisini wanataka kuchagulia humo humo, bila kusafiri."

Akaondoka. Bosi akabaki amesimama katikati ya makarai.

Hapo ndipo anaingia Mwalimu. Alikuwa mtu wa Chato, kule ziwani, miaka thelathini na kitu, mrefu, bega moja limeshuka kuliko jingine. Alikuwa amefundisha hesabu shule za msingi, akaacha mwenyewe, bila kufukuzwa, kwa sababu alizionja kompyuta kwa mapadri Mwanza na hakuweza tena kutazama chaki. Ndugu zake walimwona amerogwa. Alikuwa akipita madukani na maofisini akiuliza kama kuna mashine ya kutengeneza, na kwa Bosi mashine ilikuwepo, imeletwa na kaka yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma, kazi yake ikiwa kubeba kalenda.

Bosi alimwita, nami aliniita, akatuketisha wote wawili.

"Mwalimu, unaweza kutengeneza huo ukurasa?"

"Naweza."

"Sasa sikiliza. Nyuma ya duka kuna chumba chenye dirisha. Huyu mnunuzi akiona ukurasa akaridhika, akatupa kazi ya kambi yake, chumba ni chako. Na mashine, na simu. Utakaa humo ufanye kazi hiyo hiyo, yangu na ya mji mzima. Asiporidhika, naweka saruji. Sina pengine pa kuiweka."

 Mwalimu aliinuka akaenda kukiona chumba. Nilimfuata. Alisimama mlangoni, akahesabu hatua kutoka ukutani hadi dirishani, akashika fremu ya dirisha akaitikisa. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini kabisa, "Meza itakaa hapa. Mwanga utatoka kushoto." Mimi sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima anakitamani chumba namna ile. Mwanamke, ndiyo. Shamba, ng'ombe, baiskeli. Lakini chumba kitupu chenye harufu ya panya!

"Na mimi nahusikaje?" nikamuuliza Bosi.

"Wewe ndiye umeandika mbele ya duka langu miaka yote. Mwalimu anasema ukurasa ni mbele ya duka. Basi kaeni pamoja."

Tukakaa pamoja, mwezi mzima, asubuhi mpaka adhuhuri. Na nitasema ukweli, katika kazi zote nilizofanya na watu, ile ndiyo niliyoipenda kuliko zote.

Mwalimu alikuwa na kitabu kilichotolewa nakala, kimefungwa kwa uzi wa kushonea magunia, na kurasa nyingi za katikati hazikuwepo. Aliyemtolea nakala mashine ilimkatikia umeme. Kwa hiyo kulikuwa na mambo Mwalimu aliyajua kwa undani wa ajabu, na mengine, yaliyokuwa katika kurasa zile, aliyapapasa kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda. Alikuwa anaandika kwenye kitu kama daftari tupu ndani ya mashine, herufi na alama, halafu anabonyeza, na yale maandishi yanageuka kuwa ukurasa wenye rangi. Alinieleza kwamba kila jambo lina alama ya kulifungua na alama ya kulifunga. Ukitaka neno liwe nene, unafungua unene, unaandika neno, unafunga unene.

"Nisipofunga?"

Akabonyeza nione. Ukurasa mzima ukawa mnene mpaka chini, kila neno limevimba.

"Hilo ni zizi," nikasema. "Umeacha mlango wazi, ng'ombe wote wametoka."

Alicheka mpaka akavua miwani. Tangu siku hiyo akikosea alisema, "Fundi, njoo unisaidie, ng'ombe wametoka," nami nilivuta kigoda tukatafuta pamoja mlango ulioachwa wazi. Mimi sikujua lugha ile hata kidogo. Lakini macho ya kutafuta kosa nilikuwa nayo, maana bango la fundi wa mabango likikosewa linabaki juu miaka kumi, na kila mpita njia ni mkaguzi.

Siku nyingine tuligombana juu ya rangi. Nilitaka njano kama ya bango la dukani. Akaniambia njano ndani ya mashine inatengenezwa kwa nyekundu na kijani.

"Mwalimu," nikasema, "nimechanganya rangi tangu hujazaliwa. Nyekundu na kijani ni tope."

"Kwenye kopo, ndiyo. Hapa tunachanganya mwanga."

"Tope ni tope."

Akaandika nyekundu yote, kijani yote, buluu hakuna. Akabonyeza. Njano ikatoka, Mungu wangu, njano kama ua la mbaazi. Niliinuka nikatoka nje nikasimama barabarani nikitazama makopo yangu. Mama wa dukani aliniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia nimedanganywa miaka thelathini na kopo.

Halafu jambo la mistari. Hili ndilo lililonifanya nimpende Mwalimu kama ndugu. Alitaka picha za mabuti zikae upande huu, maelezo upande ule, lakini mashine ilipanga kila kitu kwa foleni kwenda chini. Basi alichora jedwali, vyumba vyumba, akaweka kila kitu chumbani kwake. Kisha akaandika kwamba unene wa mistari ya jedwali ni sifuri. Mistari ikapotea. Vitu vikabaki vimekaa pale pale, vimenyooka.

"Chaki!" nikapiga kelele. "Umefuta chaki!"

Nikaleta uzi wangu nikamwonyesha, hapo hapo kwenye sakafu ya duka, yeye ameshika ncha moja. Pa! Akataka tupige tena. Tulipiga mistari mpaka Mama wa dukani akatufukuza na ufagio, "Watu wazima hao! Wateja watapita wapi?" Na pale ambapo jedwali lilikataa kutanuka, Mwalimu aliweka kijipicha kisicho na rangi yoyote, nukta moja tu, akakivuta kikawa kipana, kikasukuma wenzake. Hukioni, lakini kipo, kinafanya kazi. Sisi kwenye ubao, kutenga nafasi kati ya herufi, tunatumia kijiti cha kiberiti.

Ilikuwa na fitina zake pia. Mwalimu alikuwa na programu mbili za kufungulia kurasa, vivinjari kama wanavyoviita sasa, na ukurasa uliokaa vizuri kwenye hiki ulikwenda upande kwenye kile. Akinyoosha huku, kule kunapinda. Alisema dunia nzima inalalamika juu ya jambo hilo hilo, na aliyasema hayo kwa fahari kidogo, kama mtu aliyepata ugonjwa wa matajiri. Mama wa dukani naye alitaka herufi zinazotembea. Alikuwa ameziona mahali fulani, maandishi yanayotoka kulia yanapita yanapotelea kushoto, na hakuridhika mpaka yakawekwa: "Karibu, karibu, karibu," yanatembea kutwa nzima kama siafu. Bosi alitaka ile namba inayoonyesha wageni wangapi wamefungua ukurasa. Ikawekwa. Kila asubuhi alifurahi kuona imepanda. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia kwamba mgeni ni yeye.

Wiki ya tatu ukurasa ukawa tayari. Ukifungua, mabuti haya hapa, picha tano, na bei chini yake. Mwalimu akakaa pembeni aone tunasemaje. Bosi akasema vizuri. Mama akasema vizuri.

Mimi, ndiyo, mimi ndiye niliyesema, "Mbona haujasalimia?"

"Nani?"

"Ukurasa. Mtu amekuja kutoka huko Geita, amefika mlangoni, hajaulizwa hata ameamkaje, unamsukumia buti usoni. Bibi yangu angefunga mlango."

 Mwalimu alikuwa mtu aliyelelewa. Niliona uso wake unabadilika, kama mtu aliyekumbushwa kwamba amempita mkwewe njiani bila kuvua kofia. Akasema, "Kitabu hakikutaja hilo." Kisha akasema, "Labda lilikuwa kwenye zile kurasa zilizokosekana."

Bosi naye akawaka. "Fundi amesema kweli! Duka langu hakuna anayeambiwa bei kabla ya chai. Weka chai!"

Basi tukaweka. Kwetu Usukumani salamu haiishi kwa neno moja. Ukurasa wa kwanza kabisa ukaandikwa "Mwangaluka," herufi kubwa, nilizichora mimi kwenye karatasi, zikapelekwa Mwanza kuingizwa kwenye mashine. Chini yake palikuwa na kitufe cha kujibu: "Mhola." Ukijibu kwamba ni salama, unapelekwa ukurasa wa pili: "Habari za nyumbani?" Unajibu tena. Wa tatu: "Ng'ombe hawajambo?" Wa nne: "Na mvua huko?" Na humo kwenye mvua ndimo kilimokuwa kikombe cha chai, kinafuka moshi. Moshi ule ulikuwa unatembea kweli! Mwalimu alichora picha kumi na mbili za moshi, moja baada ya nyingine, mashine ikazipitisha haraka. Ukishajibu habari ya mvua, unabonyeza kikombe, ndipo unaingia kwenye mabuti.

Nikamletea ubishi mwingine, kwamba "Mwangaluka" ni ya asubuhi, mchana ni "Mwadila," ukurasa lazima ujue saa. Mwalimu alihangaika siku nne. Alifaulu! Aliandika maagizo ya kuitazama saa ya mashine na kubadilisha salamu. Isipokuwa saa ya mashine ya Bosi ilikuwa na betri iliyokufa, ukizima na kuwasha inaamini ni alfajiri ya mwaka mpya, basi kwetu ilikuwa asubuhi siku zote.

Mwalimu alipanda basi kwenda Mwanza na diski zake ndani ya kopo la tumbaku, akaupandisha ukurasa kwenye intaneti huko. Aliporudi, tulifungua kutoka kwenye diski, tukazisoma salamu zote, tukazijibu kwa sauti, wanne kwa pamoja. "Ng'ombe hawajambo?" "Hawajambo!" Chai ikafuka. Sijawahi kuona ukurasa mzuri kama ule, na wajukuu zangu wamenionyesha kurasa nyingi kwenye simu, zinazojikunja na kujinyoosha zenyewe kufuata kioo. Ni nzuri. Hazisalimii.

Yule mnunuzi alirudi mchana mmoja wa jua kali, baada ya mwezi kama alivyosema. Alinisalimia shikamoo, nikaitika marahaba, akapewa chai akanywa akiwa amesimama, tulipaswa kuelewa hapo kwamba ana haraka. Mwalimu alikuwa amevaa shati jipya. Aliwasha mashine, akataka kufungua diski.

"Hapana," mnunuzi akasema. "Diski haina maana. Fungua kwa laini ya simu, nione kama wenzangu watakavyoona."

Mwalimu akaunganisha waya wa simu. Mashine ikapiga zile kelele zake, ikalia, ikakoroma, ikatulia. Ukurasa ukaanza kuteremka. Herufi zangu zikashuka kipande kwa kipande, kama mtu anavuta pazia chini kwa meno. Tukasubiri. Mwishowe: "Mwangaluka."

"Nini hiki?"

"Salamu," Bosi akasema kwa furaha. "Jibu!"

Akacheka, akabonyeza. Habari za nyumbani. Akabonyeza. Ng'ombe. "Sina ng'ombe," akasema, lakini akabonyeza. Ukurasa wa mvua ukaanza kushuka, polepole, na kile kikombe, moshi wa kwanza, moshi wa pili, moshi wa tatu. Sikuwa nimejua kwamba kitu kinachotembea ni kizito kuliko kilichotulia. Mwalimu alijua. Niliona anafuta viganja vyake kwenye suruali. Moshi wa tano, na simu ikakatika.

"Samahani," Mwalimu akasema, akapiga tena. Kelele, kilio, mkoromo. Pazia.

"Mwangaluka."

"Nimeshajibu hii."

"Inaanza mwanzo, mzee. Naomba ujibu tena."

Akajibu. Nyumbani hawajambo. Ng'ombe ambao hana hawajambo. Kikombe. Ikakatika.

Mara ya tatu Mwalimu alijaribu kuzipita salamu, aandike njia ya kwenda kwenye mabuti moja kwa moja, akakosea herufi moja, akarudishwa mlangoni. "Mwangaluka," ikasema, na ilikuwa saa tisa alasiri.

Mnunuzi hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliweka kikombe chini kwa adabu, akampa Bosi mkono. "Mzee wangu," akasema, "chai yenu tamu, na watu wako wana kipaji. Lakini nimesalimiwa mpaka nimechoka, na buti sijaliona. Mwanza kuna duka, ukifungua tu, bidhaa hizi hapa. Wenzangu hawana subira kama yangu." Akanigeukia. "Shikamoo tena, baba." Akapanda gari lake.

Herufi zinazotembea zilikuwa kwenye ukurasa wa mabuti. Hakuziona.

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo niseme kwamba salamu zilikuwa zangu, Mwalimu alikuwa ameshaweka mabuti mbele, mimi ndiye niliyeleta bibi yangu mahali asipoitwa. Mwalimu alinitazama, akatikisa kichwa kidogo tu, kama mtu anayemzuia mwenzake asimwamshe mtoto. Sikusema. Nimekuja kusema leo.

Bosi alikuwa mtu wa neno lake. Hakumlaumu mtu, hata sauti hakupandisha. Akapiga magoti yake kwa viganja, akasema lori la saruji linakuja kesho yake asubuhi.

Lilikuja kweli. Na Mwalimu alikuwepo. Alivua lile shati jipya akalitundika kwenye msumari, akajipanga na wapakuzi. Nilimwambia, "Mwalimu, acha, hii si kazi yako." Akasema, "Chumba nakijua mimi, Fundi. Wataipanga vibaya, watazuia dirisha." Akabeba mfuko wa kwanza begani, lile bega lililoshuka, akauingiza mwenyewe, akaulaza ukutani. Akaelekeza mingine: hapa, hapa, acha pale. Mifuko ikapanda ikajaa mpaka kwenye dari, na mbele ya dirisha ikabaki nafasi ya meza moja, wazi, mwanga unaingia kutoka kushoto.

Mama wa dukani alitoa chai. Mwalimu alikunywa kikombe chote, akamuuliza habari za mgongo wake, akamwambia asinyanyue ndoo. Akaifuta ile mashine vumbi la saruji, akaifunika kile kitambaa cha kufuma, akarudisha na kalenda juu yake. Kopo la diski alinipa mimi, kama mtu anayekuomba umshikie kitu kidogo. Akavaa shati lake. Kulikuwa na alama nyeupe ya mfuko begani na nikamwambia ajifute, akajifuta.

"Nakwenda mara moja," akasema.

Nilidhani anakwenda kununua sigara. Nilikuwa nimeshika uzi wangu wa chaki, nina ubao wa kinyozi wa kumalizia, nikamwambia asikawie, nahitaji wa kushika ncha ya pili. Akaitikia. Akavuka barabara, akapita kibanda cha sigara, akapita stendi ya mabasi ya Mwanza na ya Geita bila kugeuza shingo, akashika njia kwa miguu, bega moja juu, bega moja chini, na hatukumwona tena.

Nilisimama pale na ncha ya uzi mkononi.